Sura ya 3: Kamba, Mawe na Maua

Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, ardhi ilitikisika Bukavu. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.9, na kitovu chake kilikuwa yapata kilomita 20 kaskazini ya mji. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kuna waumini walioangukiwa na makanisa katikati ya ibada. Upande wetu kuta zilipasuka, nyumba za mteremkoni ziliporomoka, na ardhi ikaendelea kutetema siku kadhaa.

Muulize mkaaji yeyote wa mji huu aliyekuwa na umri wa kutosha siku ile. Atakueleza alikokuwa, aliyekuwa kando yake, wimbo uliokuwa ukiimbwa misani, mlango aliotokea. Ataeleza kama mtu anayeangalia picha mkononi, na ukithubutu kumwambia kwamba huenda amechanganya kidogo, atakasirika. Swali la sura hii ni kama ana haki ya kukasirika.

Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Brown na James Kulik, walichunguza jinsi watu walivyoikumbuka saa waliyopata habari ya kuuawa kwa Rais Kennedy mwaka 1963. Walikuta simulizi zilizojaa mambo madogomadogo: rangi ya simu, maneno ya jirani, hali ya hewa. Wakadhani ubongo una namna ya pekee ya kulinasa tukio zito na kulitunza lisichujuke. Wazo hilo lilipendwa na wengi, mpaka Ulric Neisser alipolitia majaribuni. Januari 28, 1986 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kililipuka dakika ya pili tu baada ya kuruka. Kesho yake asubuhi Neisser aliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, karatasi za kujaza: ulisikia wapi, nani alikuambia, ulikuwa ukifanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye, yeye na Nicole Harsch waliwapata 44 kati yao, wakawauliza maswali yaleyale. Robo yao walikosea kila kitu. Aliyesikia darasani sasa alisema aliona kwenye televisheni akiwa na rafiki yake bwenini, na alisema hivyo kwa uhakika kabisa. Walipoonyeshwa karatasi walizojaza wenyewe, kwa mwandiko wao, baadhi walishikilia kwamba karatasi ndiyo iliyokosea.

Jambo hilohilo lilionekana tena baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Jennifer Talarico na David Rubin walilinganisha kumbukumbu za siku hiyo na za siku ya kawaida tu, kama vile karamu au kipindi cha masomo. Zote mbili zilichujuka kwa kasi ileile. Tofauti ilikuwa kwenye uhakika: kuhusu siku ya kawaida watu walikubali kwamba wameanza kusahau, kuhusu siku ya msiba walikataa katakata. Kwa hiyo uzito wa tukio unatuongezea uhakika kuliko unavyotuongezea usahihi.

Mji wetu una siku nyingi mno za aina hii. Oktoba 29, 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa barabarani. Mwanzoni mwa Juni 2004 Bukavu ilitekwa na wanajeshi waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebusi. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia. Kila moja ya siku hizo ina mashahidi kwa maelfu, kila mmoja ana hakika, na hawasemi jambo moja.

Hili lina uzito wake mahakamani. Mwanamke aliyebakwa Shabunda au Fizi husimulia kwa muuguzi, kisha kwa mpelelezi, kisha kwa wakili, kisha kwa mwandishi wa habari aliyetoka Ulaya, na mwisho kwa hakimu. Tarehe ikihama, au watu wenye silaha wakiwa wanne badala ya watatu, wakili wa upande wa pili anainuka kwa furaha. Elimu ya kumbukumbu haimpi nguvu kiasi anachodhani. Kiini cha tukio hushika; pembezoni hulegea, na maswali ya kumwongoza msimulizi yanaweza kuzipindua kabisa. Katika kesi ya Kavumu, kaskazini ya Bukavu, ambako mbunge wa jimbo na wanamgambo wake walihukumiwa Desemba 2017 kwa sababu ya watoto wadogo waliobakwa, watoto walihojiwa na kurekodiwa kwa video ili wasilazimike kurudia maneno yao mbele ya kila mtu. Watu wengi waliona huruma katika uamuzi huo. Mimi naona pia uangalifu wa mtu anayejua kwamba ushahidi huchakaa kwa kushikwashikwa.

*

Mtu wa kwanza kuipima kumbukumbu kwa tarakimu alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, na alijipima mwenyewe. Alitunga orodha ndefu za silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri mpaka zikakaa, kisha akaangalia ni muda gani anaokoa akizikariri upya baada ya kupita saa au siku. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885. Baada ya dakika 20 alikuwa amebaki na asilimia 58 hivi ya kile alichojifunza. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya mwezi, 21. Tunasahau kwa kishindo mwanzoni, kisha polepole.

Nikiutazama mchoro wake nawaona wanafunzi wetu wakati wa bloki, wiki zile za kabla ya mitihani, wanaotembea alfajiri na silabasi mkononi wakisoma kwa sauti ukurasa uleule mara kumi. Wanafanya kazi ya Ebbinghaus bila kujua, hata ile ya kukariri maneno yasiyo na maana kwao. Kinachosikitisha ni kwamba dawa inajulikana na ni ya bure. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi makala fupi. Kundi moja liliisoma na kuirudia. Kundi jingine liliisoma mara moja, likafunga karatasi, likaandika yote linayokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, na hapo ndipo wanafunzi hudanganyika. Baada ya wiki moja waliofunga karatasi walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Funga silabasi, jiulize, kosea, fungua uangalie, lala, jiulize tena kesho kutwa. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo. Mwenye mtihani aruke kurasa mbili zinazofuata akajaribu.

Ila Ebbinghaus aliacha pengo kubwa. Alichagua silabi zisizo na maana ili asisumbuliwe na maana, na binadamu hawakumbuki hivyo. Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alisimulia habari ya mchungaji wa ng'ombe huko Uswazi, kusini mwa Afrika. Bwana wake wa kizungu alikuwa amenunua ng'ombe kadhaa mwaka mmoja nyuma, na yule mchungaji hakuhusika sana na biashara yenyewe. Bartlett alimwomba awataje. Mtu huyo aliketi chini akawataja mmoja mmoja: rangi, bei, alama, jina la aliyemuuza. Yalipolinganishwa na daftari, yalionekana makosa mawili madogo tu.

Mzee wa Kabare au Walungu hatashangazwa na hadithi hiyo. Kwa Bashi, watu wa huko, ng'ombe ni mahari, ni undugu, ni deni la babu ambalo mjukuu atalilipa. Anayemkumbuka ng'ombe anawakumbuka watu. Bartlett naye hakumsifu Mswazi kwa kuwa na ubongo wa ajabu. Waswazi wengine aliowapa majaribio mengine walionyesha uwezo wa kawaida tu. Hoja ya Bartlett ni kwamba kila jambo jipya hujishikiza kwenye kiolezo cha mambo tunayoyajua tayari, na tunapokumbuka tunalijenga upya kutokana na kiolezo hicho. Palipo na kiolezo imara, kumbukumbu inakuwa nzuri. Pasipo na kiolezo, tunajaza mapengo kwa yale tunayoyazoea, na hatuhisi kwamba tumejaza.

*

Walega, majirani zetu wa Mwenga na Shabunda, waliyafahamu haya kwa njia yao, nao walitengeneza chombo. Kinaitwa mutanga. Ni kamba iliyofungwa, na juu yake vimetundikwa vitu vingi vidogo: kigamba cha kakakuona, ganda la konokono, unyoya, kipande cha gome, mdomo wa ndege. Kila kitu kina methali yake. Anayejifunza huonyeshwa kitu, naye hutoa methali na maana yake; asipoijua, mkubwa wake humfundisha. Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kikubwa juu yao mwaka 1973, alionyesha kwamba maadili yote ya Bwami yalifundishwa kwa namna hiyo: kwa vitu, ngoma na methali vikienda pamoja. Bwami ni jumuiya yenye ngazi, ya juu kabisa ikiwa kindi, na mtu hakupanda kwa nguvu wala kwa kuzaliwa. Alipanda kwa mwenendo, kwa msaada wa ndugu, na kwa kujua.

Upande wa Katanga, Waluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na makome ambao wataalamu wa historia ya wafalme waliusoma kwa kupitisha kidole.

Saikolojia ilichelewa kulifikia jambo hili. Mwaka 1973 Endel Tulving na Donald Thomson walionyesha kwamba kidokezo hufanya kazi vizuri pale kilipokuwepo wakati wa kujifunza. Mara nyingi tunachokiita kusahau ni kukosa kidokezo: neno limo, mlango wake umepotea. Mutanga inaweka mlango mapema. Unyoya unaguswa siku ya kufundishwa, unaguswa siku ya kuulizwa. Na kuna jambo la pili ambalo maabara za Ulaya na Marekani zilikuwa hazijalitilia maanani: kamba ya Walega ni ya watu wengi. Haikutengenezwa ili mtu mmoja akumbuke peke yake chumbani. Mmoja huonyesha, mwingine hujibu, wa tatu husahihisha.

Utawala wa Kibelgiji ulipiga marufuku Bwami mwaka 1948. Vinyago na sanamu za pembe za ndovu vilisambaa. Vingi viko leo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na vingine Marekani. Kibao kilicho chini ya kioo kitakueleza kimechongwa kwa nini na kilikusanywa lini. Methali ilibaki Shabunda, kama bado yuko anayeijua, na huko aliko hana cha kumkumbusha.

*

Kabla sijafika Hospitali ya Panzi, ambako kumbukumbu za vita hutibiwa, ninahitaji mambo mawili kutoka kwenye ubongo na kutoka utotoni.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Marekani alimpasua kijana mwenye kifafa kikali, Henry Molaison, akamtoa sehemu ya ndani ya ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Brenda Milner, mwanasaikolojia aliyemchunguza miaka mingi, ilimbidi ajitambulishe upya kila wakati. Hata hivyo Milner alipomfundisha kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kazi ngumu kwa mtu yeyote, mkono wa Molaison uliboreka siku hadi siku, ingawa kila siku yeye alisema hajawahi kuifanya. Kwa hiyo kumbukumbu ni zaidi ya moja. Kuna ya matukio, inayotaja mahali na wakati, na hiyo inaitegemea hipokampasi. Kuna ya stadi na mazoea, na kuna ya hofu, ambayo huhusika sana na kiungo kingine kidogo, amigdala. Hizi mbili za mwisho zinaweza kufanya kazi huku mwenyewe hana habari.

Mtoto mchanga anaishi karibu na hali hiyo. Hakuna mtu mzima anayekumbuka kunyonya. Kumbukumbu zetu za kwanza kwa kawaida huanza kwenye miaka mitatu au minne, wakati hipokampasi imekomaa kiasi na lugha imepatikana. Lakini kabla ya hapo mtoto ameshajifunza jambo kubwa: akilia, nani atakuja. Mary Ainsworth, ambaye jina lake liko katika kila kitabu cha saikolojia ya watoto, alianza utafiti wake vijijini karibu na Kampala mwaka 1954, akizitembelea familia 26 za Waganda. Vyumba vya majaribio vya Baltimore vilivyompa sifa vilikuja baadaye. Aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo: anatambaa kwenda kuchungulia dunia, anarudi, anakwenda tena.

Huku kwetu Kongo, msituni Ituri, Edward Tronick na Gilda Morelli waliona kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikukitegemea. Watoto wachanga wa Waefe hupokezanwa. Wakiwa na wiki tatu walikuwa mikononi mwa watu wengine zaidi ya mama kwa asilimia 39 ya muda uliochunguzwa. Wakiwa na wiki 18, asilimia 60. Na hawakuharibika. Anayeishi katika nyumba ya Kadutu, hapa mjini, yenye bibi, shangazi na dada wakubwa wanne hatashangaa, ila ni vizuri kulisema kwa sababu washauri wanaotoka mbali bado hufika na picha ya mama mmoja na mtoto mmoja, na kila mtoto aliyelelewa na bibi yake wanamwandika kama aliyepungukiwa.

Kukumbuka nako hulelewa. Robyn Fivush na Elaine Reese, kwa utafiti wa miaka mingi, wameonyesha kwamba mtoto ambaye mzazi wake huzungumza naye kwa urefu juu ya yaliyopita, kwa kumuuliza, kumngoja na kumwongezea, huja kuwa na kumbukumbu nyingi na zilizopangika zaidi. Baadaye, ujanani, vipande hivyo huunganishwa kuwa hadithi ya maisha. Dan McAdams anasema hadithi hiyo ni tabaka mojawapo la haiba: juu ya upole au ukali tuliozaliwa nao, kuna simulizi tunalojieleza sisi ni nani na tumepitia nini. Habari za tabia zenyewe, na ubishi juu ya kama zinapimika kwa maswali yaliyotungwa Marekani, naziachia sura ya 6.

Sasa fikiria nyumba ambamo mwaka 1998 au 2004 kuna jambo lilitokea na halisemwi. Ni mambo ya wakubwa. Mtoto anajua, kwa sababu mama yake hushtuka mlango ukigongwa. Anajua bila tarehe na bila sababu, na hana wa kumuuliza.

*

Hospitali ya Panzi, katika komini ya Ibanda, ilianzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Dunia inaijua kwa upasuaji wa wanawake waliobakwa vitani, kazi iliyompatia Mukwege Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad. Lakini mgonjwa anapoingia, mtu anayekaa naye tangu mwanzo na kumsindikiza kwa daktari, kwa mwanasaikolojia na kwa mwanasheria ni mwanamke anayeitwa maman chérie. Kidonda kinaweza kufungwa kwa saa chache. Kumbukumbu inahitaji mtu wa kukaa nayo.

Kinachomtesa mwenye kiwewe ni kumbukumbu ya aina isiyo ya kawaida. Wanasaikolojia Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, hutofautisha kumbukumbu ya moto na kumbukumbu ya baridi. Ya moto ni harufu ya moshi, mlio wa buti, moyo unaodunda, wazo la kwamba nakufa. Ya baridi ni mahali, tarehe, kabla yake na baada yake. Katika tukio la kawaida mbili hizi hushikana. Hofu inapopita kiasi, ya moto huandikwa kwa nguvu na ya baridi huandikwa vibaya, na hapo tukio linakosa mahali pake katika maisha. Halina mwaka. Buti zikisikika barabarani leo, mwili unajibu kama ni leo.

Njia yao ya tiba inaanza kwa kamba. Inatandazwa sakafuni: mwanzo wake ni kuzaliwa, na sehemu iliyobaki imekunjwa, kwa kuwa haijatokea. Mgonjwa anaweka maua pale palipokuwa na jambo jema, na mawe pale palipokuwa na baya. Jiwe kubwa, jiwe dogo. Anaweka kwa mpangilio wa wakati, bila kusimulia bado. Halafu, kikao baada ya kikao, wanaifuata kamba tangu utotoni, na wanapofika kwenye jiwe wanasimama hapo kwa muda mrefu: ulikuwa wapi, ulisikia nini, mwili ulihisi nini, na sasa hivi unaposimulia unahisi nini. Mshauri anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea, naye anasahihisha. Njia hii ilijaribiwa kwanza katika kambi ya wakimbizi wa Sudan huko Imvepi, kaskazini mwa Uganda, kwa watu 43 tu. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 ya waliopitia tiba hiyo ndio waliokuwa bado na maradhi ya kiwewe. Kwa waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa 79. Huku mashariki ya Kongo ilirekebishwa kwa ajili ya waliokuwa wapiganaji, wakiwemo walioingia vitani wakiwa kadogo, yaani watoto, na mawe na maua yakaongezewa kitu cha tatu: vijiti, kwa yale ambayo mtu mwenyewe aliwatendea wengine.

Sina ushahidi wowote kwamba Wajerumani hao waliwahi kuiona mutanga, wala sihitaji kuwa nao. Wamefika mahali pamoja na Walega kwa sababu kazi ni ileile: jambo linalotangatanga lipewe sehemu yake kwenye uzi, mbele ya mtu mwingine anayeweza kuliona.

Hata hivyo si lazima kusimulia. Utafiti mmoja mkubwa uliofanyika katika eneo letu ulikwenda njia nyingine. Judith Bass na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2013. Vijiji vya Kivu Kusini na Kaskazini viligawanywa kwa kura: katika 7, wanawake 157 waliobakwa, wenye dalili kali, walipata tiba ya vikundi, katika 8, wengine 248 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Tiba yenyewe ilibuniwa na Mmarekani Patricia Resick, na hapa ilitumika bila sehemu ya kusimulia ubakaji. Kikundi kilikutana kuchunguza mawazo: ni kosa langu kwa sababu nilikwenda shambani, mwanamke kama mimi hana thamani tena. Wazo linatajwa, linaulizwa ushahidi wake, linatazamwa na wenzako ambao kila mmoja aliamini ni yeye peke yake mwenye kosa. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na dalili za kiwango cha maradhi ya huzuni au wasiwasi. Kwa wale wa msaada wa kawaida, ambao nao walipata nafuu kiasi, ilikuwa 42.

Binafsi naamini kikundi kilifanya kazi ambayo hakuna mshauri wa peke yake angeiweza, ingawa utafiti haukupangwa kupima hilo peke yake. Aibu haishindwi na mtaalamu. Hushindwa wanawake saba wakiwa wameketi pamoja na hakuna anayeinuka kuondoka.

Kuna wanaouliza, na wana sababu: kiwewe kinatibiwaje wakati vita havijaisha? Tangu Februari 2025 swali hili linaulizwa hapa mjini, Nguba na Kadutu, kama linavyoulizwa Minova. Vijiji vya utafiti ule navyo havikuwa na amani. Vilipata mashambulizi, wizi wa wenye silaha, watu kukimbia, wakati tiba ikiendelea. Hofu ya mtu anayejua kwamba barabara ya kesho ina hatari si ugonjwa, na hakuna mshauri mwenye akili atakayejaribu kumwondolea. Kinachotibika ni ile ya barabara ya mwaka 2004 inayorudi kila mlango ukigongwa. Kuzitenganisha mbili hizo ni kazi ya kila kikao, na mara nyingine haiwezekani mpaka mtu ahame.

Wasaidizi walioendesha vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa huku, wengine wakiwa na miaka minne tu ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofundishwa na kusimamiwa. Tiba ilitolewa kwa Kiswahili, Mashi, Kihavu, Kibembe na Kifuliru. Wagonjwa wengi hawakujua kusoma, na tiba ya Resick, huko ilikotoka, inategemea karatasi za kujaza nyumbani: wazo liliponijia, nilihisi nini, nimejibu nini. Karatasi hizo zilifupishwa na kurahisishwa mpaka wanawake wakaweza kuzishika kichwani, wakarudi nazo shambani na sokoni, wakazitumia wazo lilipowajia, na wiki iliyofuata wakazitoa tena kikundini bila kalamu.